Pikapu Ilinidanganya Kuhusu Bahari

Siku mashine ilipotufia tulikuwa kati ya Songo Songo na Kilwa Masoko, kusi limeshachangamka, botini mna barafu, makasha manne ya samaki na watu watatu wanaonitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeuita upepo.

Haikufa kwa kishindo. Ilianza kutoa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, ikapoteza nguvu kidogo kidogo, halafu kimya. Nikavuta kamba ya kuwashia. Mashine ya silinda mbili inatakiwa ikukatalie mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana mkono huuma. Yangu ilikataa mara moja, ya pili ikapita laini kama uzi unaotoka kwenye cherehani. Nikavuta tena, vile vile. Sikuhitaji fundi kuniambia kwamba silinda moja haina kompresheni, yaani haigandamizi tena hewa ndani yake.

Tulitupa nanga, ikaburuza. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kusi nalo linasukuma huko huko, kwa hiyo kila dakika tuliyokaa tukibishana ilikuwa dakika ya kuondoka nyumbani. Aliyetuokoa ni nahodha wa jahazi lililokuwa limepakia mbao. Akatutupia kamba, tukafunga gubetini, mbele ya boti, akaanza kutuvuta.

Mashine yake ilikuwa ya ndani, dizeli ya silinda moja, ile inayosema tu-tu-tu mpaka ukasinzia. Baadaye alinitajia nguvu yake: farasi ishirini na kitu. Mimi nyuma ya kamba nilikuwa na mashine ya kupachika nyuma ya boti, ya farasi 40, na nyumbani nimeegesha pikapu ya farasi 130. Na huyu bwana, kwa farasi wake ishirini na kitu, alikuwa anavuta jahazi lililojaa mbao na boti yangu juu yake, polepole, lakini bila kusita hata wimbi lilipotupiga. Saa tatu nzima nilikaa nikiitazama ile kamba ilivyokaza. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi ya aibu nilikuwa na swali.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana kosa lilianzia barabarani.

Kuendesha gari nilifundishwa na baba yangu mdogo, dereva wa malori. Kanuni yake ilikuwa moja: dizeli haipigiwi kelele. Ukisikia injini inalia, umechelewa kupandisha gia. Pikapu yangu ni Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Katalogi inasema hutoa kilowati 96 kwa mizunguko 3,800 kwa dakika, na toki, yaani nguvu ya kusokota, ya nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2,200. Kwa lugha ya barabarani maana yake ni kwamba injini hii imeridhika chini. Iweke gia ya nne kwenye tambarare, mizunguko 1,500, itakwenda nawe hadi Nangurukuru bila kunung'unika, na mafuta itakunywa kwa adabu. Miaka tisa niliiendesha hivyo, na haikuwahi kuniangusha.

Basi siku niliponunua boti ya faiba na mashine ya Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya petroli ya kuchanganya na oili ambayo imejaa pwani nzima, nilikuwa na akili ya baba mdogo kichwani. Mashine ilikuja na propela ya pichi 11, yaani msokoto wa kusonga inchi 11 kwa mzunguko. Boti ikienda mashine inalia. Nikajiambia: hii gia ni ndogo, inaichosha mashine bure. Nikatafuta propela ya pichi 13, nikaifunga, na kweli kelele zikapungua. Nikafurahi. Nikasema nimeongeza gia.

Miezi minne baadaye ndipo nikajikuta nyuma ya kamba ya jahazi.

Tuzungumzie hao farasi kwanza, maana wanatajwa kila siku na wachache wamewahi kuwapima. Ni James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, aliyehitaji kuwaeleza wateja mashine yake ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi. Kipimo kinachotumika kwenye katalogi nyingi za Ulaya na Japani ni hiki: kuinua kilo 75 kwa mita moja ndani ya sekunde moja. Mfuko mmoja wa simenti na nusu ya mwingine, kutoka chini hadi usawa wa kiuno, kwa muda wa kusema "haya". Ukifanya hivyo bila kukoma, wewe ni farasi mmoja. Neno la kushika hapo ni sekunde. Farasi ni kipimo cha kazi pamoja na mwendo wake.

Toki haina habari na sekunde. Toki ni nguvu ya kusokota tu. Chukua spana ya gurudumu, chomeka bomba la mita moja kwenye mpini, tundika mwishoni mzigo wa kilo 10: umepata takriban nyutoni-mita 100. Nati isipozunguka kabisa, toki bado ipo na kazi haijafanyika. Mafundi wanaoshindana vijiweni kwamba toki ndiyo nguvu ya kweli na hosipawa, yaani hao farasi, ni maneno ya wauzaji, na wale wanaosema kinyume chake, wote wanagombea pande mbili za nguo moja. Zidisha toki kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Ndiyo hesabu yote.

Sasa ipigie pikapu hesabu hiyo. Pale kwenye mizunguko 2,200, nyutoni-mita 285 ni kama kilowati 66, yaani farasi 89. Farasi wote 130 hawapatikani mpaka injini ilie, jambo ambalo baba mdogo alilikataza. Katika miaka yangu tisa sidhani kama niliwahi kuwaona wote 130 kwa dakika tano mfululizo. Kwenye lami tambarare, kilomita 80 kwa saa, gari kama langu lahitaji kwa makadirio yangu farasi 25 hadi 30. Wengine wote wako zizini wanakula majani.

Kilichonilevya ni mambo ya mchangani. Boti yangu ikiwa na mashine na vikorokoro ina uzito wa zaidi ya tani, na mara mbili kwa mwaka huipandisha nchi kavu kwa pikapu, magogo chini ya mkuku. Naweka ile gia ya ziada ya chini, kisha namba moja, naachia klachi, natoa mguu kwenye mafuta. Pikapu inatambaa yenyewe. Boti inakuja kama mbuzi anayefuata mwenyewe. Ukiitazama unaona nguvu ya kutisha, na kwa upande wa kusokota ni kweli: namba moja huzidisha toki takriban mara nne na nusu, difu (gia za kwenye ekseli) huzidisha tena kama mara nne, na hapo sijaitaja ile gia ya chini. Bila hata hiyo ya chini, toki ya nyutoni-mita 285 inaweza kufika magurudumuni zaidi ya 5,000. Lile bomba letu la mita moja, sasa umelitundikia nusu tani.

Lakini piga hesabu ya farasi uone ajabu yake. Tuseme boti inahitaji mvuto wa kilo 500 kupanda mchanga, nayo inakwenda mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Hiyo ni kilowati tano. Farasi saba! Kazi yote ile, kijiji kimesimama kutazama, ni ya farasi saba. Gia ndizo zilizoibadilisha haraka kuwa ubavu.

Turudi botini. Vijitabu vya mashine za kupachika havikuandikii toki. Vinakuandikia farasi, na vinakuandikia pia mizunguko ambayo mashine inatakiwa kufika ukifungua mafuta yote. Kwa hii yangu ni kati ya 4,500 na 5,500. Mstari huo wa pili niliupita kama nilivyopita ukurasa wa Kijapani. Ukitaka toki unaitafuta mwenyewe: farasi 40 ni kilowati 29.4, kwa mizunguko 5,000 inatoka nyutoni-mita 56. Chini kwenye mguu wa mashine kuna gia moja tu, mbili kwa moja, kwa hiyo propela inapata 112 na kuzunguka mara 2,500 kwa dakika. Nyutoni-mita 112 ni kilo 11 na ushei mwishoni mwa bomba letu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Mtoto huyo lakini anazunguka karibu mara 42 kwa sekunde. Ndipo farasi 40 walipojificha. (Na ni farasi kamili kuliko wa gari, maana mashine za kupachika siku hizi hupimwa kwenye shafti ya propela yenyewe, wakati gari hupimwa kwenye injini, kabla gia na difu havijala chao.)

Jambo ambalo mtu wa pikapu halioni mpaka alipe ni hili, na mtu wa pwani angepaswa kulijua tangu utotoni. Sote tumesukuma ngalawa kwa pondo. Pondo ukiigotesha chini, nchi haikimbii. Kila unachosukuma ni mwendo wako. Kina kikizidi unaweka pondo unachukua kafi, na hapo mambo yanabadilika, kwa sababu kila unachosukuma kinarudi nyuma. Nusu ya jasho lako linakwenda kwenye maji yenyewe. Pikapu ni pondo. Mashine ya boti ni kafi.

Na maji yana tabia nyingine. Propela kadiri unavyoizungusha kasi ndivyo inavyodai, na madai yake hayapandi kwa ngazi za kawaida. Kwa kanuni wanayotumia wahandisi wa meli, nguvu inayotakiwa hupanda kwa mizunguko mara tatu ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Shusha mizunguko kutoka 5,000 hadi 4,000, propela inadai karibu nusu tu ya nguvu ya mwanzo. Wavuvi wanaijua hesabu hii kwa njia ya dumu la petroli. Maana yake nyingine ni kwamba boti haina tambarare wala mteremko. Boti ya faiba iliyopakiwa ikiwa imeinuka juu ya maji inapanda mlima kuanzia ufukweni hadi ufukweni. Farasi zangu 40 walikuwa wote kazini kwa saa nzima, wakati wale 130 wa pikapu wanapokezana kulala.

Na katika mlima huo huna gia ya kurudisha. Una mbele, huru na nyuma. Gia yako ni propela, na uliichagua ukiwa bado nchi kavu.

Fundi aliyenifungulia mashine ni mtu mzima, haongei sana. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pistoni yangu iko kwenye kipande cha gazeti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Njoo uone."

Pistoni ilikuwa na tundu kichwani, kingo zake zimeyeyuka na kulainika kama mshumaa. Akanipa na plagi ya silinda ile. Kwenye ncha yake palikuwa na vipunje vidogo vya kung'aa, vidogo kuliko ulezi. Nikauliza ni nini.

"Pistoni yako hiyo. Ilichemka, ikayeyuka, ikarukia huko." Kisha akaniuliza swali ambalo nililitegemea lihusu oili: "Propela hii nani kakupa?"

Nikamweleza habari ya gia kubwa na kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mafundi wengi hawana subira nalo. Halafu akasema, "Gari lako likikabwa mlimani kwa gia ya nne, wewe unafanyaje?"

"Narudisha ya tatu."

"Na baharini ulirudisha nini?"

Sikuwa na la kujibu. Pichi 13 maana yake ni kwamba propela, kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao, ingesonga inchi 13 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 2,500 hiyo ni kilomita 49 na ushei kwa saa. Pichi 11 ni kilomita 42. Maji si ubao, kuna kuteleza, kwa hiyo boti haifiki huko. Ila ndicho mashine inachoombwa ijaribu. Nilikuwa naiambia boti yenye barafu na samaki iende mwendo ambao haikuwa na ubavu nao. Mafuta yote yamefunguliwa, mizunguko haipandi. Petroli inaingia nyingi, moto ni mwingi, pistoni inasukumwa kwa nguvu zote lakini inasogea polepole, na pampu ya maji ya kupoza nayo inazunguka polepole vile vile. Zile kelele zilizopungua, ambazo mimi niliziona ni raha ya mashine, ndizo zilikuwa kukabwa kwake.

Dizeli yangu ya pikapu inavumilia kufanya kazi chini kwa sababu imejengwa hivyo na toki yake iko chini, na mimi dereva niko pale na mkono kwenye gia. Mashine ndogo ya petroli ya kuchanganya na oili toki yake iko juu. Chini haina kitu.

Na yule nahodha wa jahazi? Swali hilo ndilo nililokaa nalo sana, na jibu lake limenipendeza kuliko yote. Dizeli yake ilikuwa na farasi wachache, lakini propela yake niliiona jahazi lilipopwelewa siku nyingine: pana, mabawa mapana, ukiiweka karibu na yangu ni sinia karibu na kisahani. Inazunguka taratibu na kushika maji mengi. Ukisukuma maji mengi polepole unapoteza kidogo. Ukisukuma maji machache kwa kasi unapoteza sana, hasa kama chombo chenyewe kinakwenda polepole. Ndiyo tofauti ya kupiga kafi na kupiga mwiko. Zaidi ya hapo, hakuwa na haraka. Chombo kizito kinachopasua maji kina mwendo wake wa mwisho unaotokana na urefu wake. Chenye mita 9 kwenye usawa wa maji ni kama maili 7 za bahari kwa saa. Kabla ya kufika hapo maji hayadai mengi. Ukikaribia hapo chombo kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe, na farasi unaowaongeza wanaishia kuzamisha tezi, yaani nyuma ya chombo, na kutengeneza povu zuri.

Watengenezaji wenyewe wanajua. Mercury wana mashine ya farasi 60 ya kawaida yenye gia ya 1.83 kwa moja, na wana nyingine waliyoiita BigFoot, farasi hao hao 60, gia ya 2.33, mguu mkubwa, propela kubwa, kwa ajili ya vyombo vizito. Injini haikuongezwa kitu. Wamebadilisha kafi tu.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja. Ana mashua ya mbao, mita nane na nusu, nzito, ya kubebea abiria na mizigo kwenda visiwani. Amepata mkopo kwenye kikundi chao.

"Mjomba, nataka nifunge farasi 40 kama yako. Ndiyo imara."

Nikamwuliza sasa anafunga ngapi. Kumi na tano. Nikamwuliza inamfikisha? Inamfikisha, ila inachelewa. Tukachukua kalamu. Mashua yake kwa urefu wake mwisho wake ni kama maili 7, na tayari anakwenda 5 na nusu akiwa amepakia. Farasi 25 wa nyongeza watamnunulia kama maili moja, na petroli atakayoimwaga kuipata hiyo maili moja itakula nauli ya abiria wawili watatu kila safari. Nikamshauri abaki na kumi na tano, atafute propela ya pichi ndogo zaidi inayouzwa kwa mashine ile, asafishe chaza na majani chini ya mkuku, kisha tupime. Sikumridhisha. Alitaka farasi. Namwelewa, mimi mwenyewe niliwahi kununua propela ili kupunguza kelele.

Kupima ndicho kitu nilichojifunza kwa uchungu. Mashine zetu hizi hazina saa ya mizunguko. Fundi aliniuzia kidude kidogo chenye skrini, waya wake unauzungushia kwenye waya wa plagi, kinahesabu mapigo. Safari ya kwanza baada ya matengenezo tulifunga kwanza ile pichi 13, kwa makusudi, boti imepakia barafu kamili, tukafungua mafuta yote. Kikaonyesha 3,900 na hakikusogea. Tukarudi ufukweni, tukachomoa pini, tukafungua nati, tukapaka grisi meno ya shafti, tukavisha 11. Dakika kumi. Mzigo ule ule, bahari ile ile: 4,900, na boti ikainuka juu ya maji mahali ambapo mwanzo ilikuwa inalima tu.

Tuliposhusha barafu na kuijaribu tupu, ile 11 ilipita 5,500 ikabidi nipunguze mafuta mwenyewe. Kwa hiyo sikuitupa 13. Iko chini ya benchi la nyuma, ndani ya gunia, pamoja na pini mbili za akiba na koleo. Nikipeleka mzigo naenda na moja, siku nikienda mtupu kumchukua mtu Songo Songo nafunga nyingine. Baba mdogo nilipomweleza alicheka sana, akasema basi kumbe gia zipo, ila mnashuka kwenye gari kuzibadilisha.